Kifungo, Zipu, Uzi na Kelele Zangu

Alhamisi, 6 Machi

Muuza nyuzi alinigawia diari hii mwaka ulipoanza, nikaitupa kwenye droo ya vifungo. Mimi na kuandika wapi na wapi? Ninachoandika siku zote ni vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Leo nimeitafuta kwa sababu nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, na likinikaa rohoni sitashona hata pindo moja likanyooka.

Mvua ilianza jana. Asubuhi niliingia stoo kutafuta vitambaa vya kuzibia dirisha linalovuja. Kufunua tu kapu la vipande, paka wa kijivu akanirukia kifuani. Nikapiga yowe. Yowe langu si la mchezo. Mtaa mzima unaniita Mama Spika, na siku zote nimelipokea jina hilo kwa kicheko, hata nikaringa nalo. Paka akatua sakafuni, akarudi kapuni, akambeba mtoto wake mmoja kwa shingo. Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha. Nikapiga yowe la pili, hili la hasira, nikagonga ndoo kwa mpini wa ufagio. Akaruka dirishani na mtoto wake mdomoni, mvua hiyo hiyo.

Kapuni wamebaki watatu. Wameshafungua macho. Nimengoja mpaka saa nane mchana, mama yao hakurudi, na kila nikipita stoo nawasikia wanalia.

Binti wa marehemu mdogo wangu aliporudi kutoka shule aliwaona kabla sijajipanga la kusema. Huyu mtoto nimekaa naye mwaka wa pili sasa. Ana miaka kumi, na mimi namwita Kimya kwa sababu maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Akachuchumaa, akauliza, "Mama Mkubwa, mama yao yuko wapi?"

Nikasema, "Nadhani amegongwa na gari."

Limetoka lenyewe, kirahisi namna hiyo. Nimemwambia hivyo mtoto ambaye mama yake yuko kaburini. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayezijua habari za namna hiyo, akavua sweta lake la shule akawafunika. Nimeona aibu nikaenda kukanyaga cherehani isiyo na uzi.

Ijumaa, 7 Machi

Amewapa majina: mnene ni Kifungo, mwenye mbio ni Zipu, mwembamba ni Uzi. Sikutaka paka mimi. Nimekubali kwa sababu sina uso wa kukataa.

Jumatatu, 10 Machi

Baba yake Kimya amepiga simu. Anaendesha malori ya masafa, mwezi huu yuko huku, mwezi ule kule. "Shemeji," akasema, "dada yangu atakuja muhula ukifungwa, katikati ya Mei. Anataka kumchukua mtoto. Mimi nimesema mtoto aulizwe mwenyewe. Atakaposema, hapo hapo."

Nimejibu kwamba hakuna neno. Baada ya simu nimejichoma sindano mara mbili. Simtaki huyo shangazi. Ni muuguzi, anaongea chini chini kama kila mahali ni wodini, na siku ya mazishi alinikumbatia kwa upole nikaona ananidharau. Huyu mtoto ndiye kitu pekee nilichobakiwa nacho cha mdogo wangu. Nimejisemea kimoyomoyo kwamba angalau sasa ana paka, atakuwa na la kumfanya abaki. Nikiliandika naona lilivyo baya, lakini ndivyo nilivyowaza.

Ijumaa, 14 Machi

Kimya alikwenda kwa muuza dawa za mifugo kununua maziwa ya unga ya paka, akarudi na maziwa na masomo. Leo amesema sentensi nyingi kuliko mwezi mzima uliopita. Ati paka wa umri huu masikio yao ndiyo kwanza yanajifunza dunia. Kelele watakayoisikia sasa wakiwa wanakula, ukubwani hawataiogopa. Lakini uanze na sauti ndogo, uongeze kidogo kidogo, na wakishtuka usiwashike wala usiwakemee.

"Unarudi nyuma hatua moja," akasema. "Unapunguza sauti mpaka pale walipokuwa hawaogopi, halafu unaanza tena."

Amechora daftari safu tatu, kila paka na yake. Sifuri ni hajali. Moja, masikio tu yanasogea. Mbili, anakimbia. Tatu, anajificha hatoki, au anajikojolea. Ameomba simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. Anarekodi kelele, anaizungushia simu blanketi, anawawekea wakila. Kila siku anafunua kunjo moja la blanketi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mfuniko wa sufuria: Kifungo sifuri, Zipu moja, Uzi tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Sare za shule arobaini na mashati yake. Cherehani: Kifungo sifuri, Zipu sifuri, Uzi mbili. Kimya ameniomba nianze kushona taratibu asubuhi, kisha nikaze mwendo. Nimemfokea kwamba wateja hawatavaa taratibu. Baadaye nimeshona taratibu, ila sikumwambia.

Jumatatu, 24 Machi

Blenda. Wote tatu. Mimi mwenyewe mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Seremala jirani alikuja kuchukua suruali yake. Ndiye atakayemchukua Kifungo, karakana yake ina panya wanaotembea kifua mbele. Akasimama mlangoni ameinamisha kichwa. "Mama Spika, nani ana msumeno humu? Mbona unalia kama wangu?"

Ulikuwa wake kweli. Kimya alikwenda juzi kuurekodi, ili Kifungo akihamia kule asishtuke. Seremala akacheka mpaka akakaa. "Basi mzoeshe na kikohozi changu kabisa." Akakohoa mbele ya kapu, Kimya akaandika sifuri kwa wote watatu.

Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Na mimi nina paka huko kwenye mbao. Wa kijivu, ana mtoto mmoja. Aliingia siku ile mvua imeanza, siku ile Mama Spika ulipiga yowe mimi nikajigonga nyundo ya kidole. Nikasema leo amekutana na nyoka!"

Kimya alikuwa ameshika bomba la kunyweshea maziwa. Akanitazama. "Kumbe hakugongwa," akasema.

"Kumbe!" nikasema mimi, na mshangao wote nikautia. Uongo wa pili, mbele ya shahidi.

Jioni aliwapeleka wote watatu kwa mama yao ndani ya boksi. Amerudi nao. Yule paka aliwanusa, wananuka sabuni yetu na vitambaa vyetu, akawatolea meno. "Amewafokea," Kimya akasema, akawarudisha kapuni mmoja mmoja.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimekasirika na pasi, na muuza nyuzi, na ukungu ukutani.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejiahidi nikiandika nisijipunguzie. Basi naandika.

Kuna gauni la bibi harusi la wiki ijayo, satini nyeupe, na gagulo lake zito la ndani. Lilikuwa limetundikwa chumba cha kushonea. Nilitoka kwenda dukani kununua zipu yake, nikanyeshewa kwenda na kurudi. Nikaingia nikakuta gauni liko sakafuni limetandazwa, redio imezungushiwa gagulo, paka watatu wamekaa juu ya satini wanasikiliza taarifa ya habari.

Mablanketi yote yalikuwa mabichi. Siku nne hakuna kilichokauka nyumba hii. Mtoto alitafuta kitu kizito kikavu cha kupunguzia sauti ya redio, akaona kimoja tu. Alinawa mikono kabla ya kulishika. Ndoo ilikuwa mlangoni na sabuni yake. Hayo yote nimeyaona baadaye.

Nilifoka. Nilisema, "Mjinga wewe! Nani alikutuma uguse kazi yangu? Kila ninachokishika lazima ukiharibu! Ningejua, nisingekuchukua!"

La mwisho nalirudia ili nisije nikajidanganya kwamba sikulisema. Ningejua, nisingekuchukua.

Zipu na Kifungo walipotelea chini ya meza. Uzi alibaki pale pale alipokuwa, akajikojolea juu ya satini. Kabla ya sauti yangu gauni lilikuwa safi, halina hata unywele. Na Kimya alisimama ukutani, mabega yamepanda mpaka masikioni, macho ameyafumba. Aliyafumbua nilipoishiwa pumzi. "Samahani, Mama Mkubwa," akasema, akamchukua Uzi akaenda kumfuta.

Nimefumua kipande cha mbele, nimekata kingine, nimeshona upya mpaka mgongo umekataa. Sijamwambia kitu. Kila nikifungua mdomo naogopa kitakachotoka.

Jumatano, 9 Aprili

Bibi harusi amelichukua gauni. Amezunguka mbele ya kioo akasema, "Fundi, mikono yako ina baraka." Nikatamani sakafu inimeze.

Jumapili, 13 Aprili

Mtaro wa mbele umefurika, nimerudi kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Ndiyo maana sikusikika.

Nikiwa jikoni nikasikia mwanamke anafoka. Sauti ilikuwa ya mbali, kama inatoka nyumba ya tatu. Sikuyashika maneno, ila ukali wake niliupata, na jinsi ulivyokuwa haukomi. Nikasimama. Nikawaza, mwanamke gani huyu anamfokea mtoto wa watu namna hii? Hana jirani wa kumwambia? Nikawa hata najipanga kwenda kumgongea.

Kisha nikasikia, "nisingekuchukua."

Siku ile ya gauni simu ya zamani ilikuwa dirishani, Kimya alikuwa anarekodi mvua. Imenirekodi na mimi.

Nikasukuma pazia. Simu iko kwenye kapu, imefunikwa blanketi makunjo mawili. Paka wanakula. Kimya amekaa sakafuni kando yao na sahani yake mapajani, anakula naye. Anatafuna polepole, macho kwenye blanketi. Mimi nafoka mle ndani, yeye anachukua tonge lingine.

Nikauliza, "Unafanya nini, mwanangu?"

Akaruka kidogo. "Nawazoesha. Muuza dawa alisema kelele zote za nyumba, hata zile..." Akanionyesha daftari. Chini ya mfuniko, cherehani, blenda, redio na msumeno, ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Mama Mkubwa. Kifungo moja. Zipu mbili. Uzi tatu.

"Na wewe mbona unakula hapa?"

"Na mimi nazoea," akasema. "Nimefika mbili. Mwanzoni nilikuwa tatu."

Hakusema kunichoma. Alisema kama mtoto anayekuonyesha alama za mtihani zimepanda. Nilikaa chini hapo hapo na tope miguuni.

Sisi tumelelewa hivyo. Mama yetu alikuwa akiita, kuku wa jirani wanakimbia. Mdogo wangu alikuwa anajificha chini ya meza, mimi namcheka, namwambia si ni sauti tu, sauti haiumi. Niliamini hivyo miaka yote. Nimewahi kumpiga huyu mtoto? Hata siku moja. Nikawa najisifu kwa hilo, nikadhani hesabu imefungwa. Na kumbe kuna mtu nyumbani kwangu anakula wali wake kwa mafunzo ili aweze kuishi na mimi.

Nikamwambia, "Mama yao hawa paka mimi ndiye niliyemfukuza. Nilipiga yowe, nikagonga ndoo. Nikakudanganya."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu seremala aliposema."

"Mbona hukuniuliza?"

Akawaza. "Ungefoka," akasema.

Nimelia mbele yake, kilio kibaya cha mtu mzima. Uzi akakimbilia kabatini. Kimya akanyoosha mkono akaizima simu, kisha akanyoosha vidole viwili, akitazama kabati, akaona hatoki, akaongeza cha tatu. Nikacheka katikati ya kilio. Yeye hakucheka, alikuwa anaandika.

Jumanne, 15 Aprili

Leo sijafoka. Mpaka saa sita.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimegundua nikiwa na pini mdomoni siwezi kufoka. Fundi yeyote anajua: ukibana pini kwa midomo unaongea kwa pua tu. Sasa natembea nazo nyumba nzima, nikipika, nikifagia. Mteja amekuja kupimwa akaniuliza kama nina jipu la jino.

Jumamosi, 26 Aprili

Seremala alimchukua Kifungo siku tatu zilizopita. Yule mama yake wa kijivu alimtolea meno siku ya kwanza, leo wanalala gunia moja. Msumeno ukilia Kifungo hata sikio hageuzi. Kimya amekwenda kuhakiki mwenyewe na daftari kwapani. Seremala ananiambia, "Huyu mtoto angekuwa anazoesha na wanadamu tungempa mke wangu amzoeshe msumeno." Nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Ijumaa, 2 Mei

Umeme umekatika nikiwa katikati ya kola. Nimeufokea umeme, nimeifokea cherehani, nikamalizia na ukuta. Pini zilikuwa kwenye kimto cha pini, si mdomoni. Nilipogeuka Kimya yuko mlangoni amenyoosha vidole viwili. Uzi hakuonekana mpaka jioni.

Nikasema, "Ni umeme, mwanangu, si wewe."

Akasema, "Najua. Lakini masikio hayajui."

Jumamosi, 10 Mei

Wiki moja imebaki. Mvua imepungua, inanyesha kama inayokumbuka kitu kisha inaacha. Nimemwomba afute ile rekodi. Amekataa kwa adabu: Uzi bado yuko tatu. Nimejiona mwizi anayeomba ushahidi ufutwe.

Na niseme kingine cha aibu. Nimekuwa nikiwaza, akifika shangazi Kimya atasema anataka kubaki kwa sababu ya paka, na mimi nitanyamaza nipokee ushindi wangu.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja. Ameshuka na begi dogo na mwavuli, akaita kutoka getini, "Kasuku wangu yuko wapi?"

Sikujua ni nani anayeitwa. Kimya alitoka mbio, na njiani kuja mlangoni alikuwa ameshaanza kuongea: paka, msumeno, bibi harusi, mtaro. Mdogo wangu ndiye alimpa jina hilo, maana alikuwa haishi maneno. Nilikuwa nimesahau. Mimi ndiye niliyemwita Kimya, tena nikidhani namtania tu.

Nimemtazama huyo shangazi kwa macho mengine leo. Ameingia akaona Uzi chini ya cherehani, hakumwita, hakumfuata. Ameketi sakafuni na nguo zake nzuri, ameangalia upande mwingine, ameendelea kuongea kwa ile sauti yake. Nusu saa baadaye Uzi alikuwa ananusa kiatu chake. Miaka yote nilidhani ile sauti ni maringo.

Baada ya chakula akasema, "Wifi, naomba tumuulize mtoto." Akamgeukia. "Unataka kukaa wapi, Kasuku? Sema lako, hakuna atakayekasirika."

Mtoto akanitazama mimi. Sikufanya uso wowote, nilijitahidi.

"Nakaa hapa," akasema. "Mama Mkubwa ananipenda. Anafoka lakini nimeshazoea. Niko moja sasa."

Shangazi hakuelewa hiyo moja ni nini. Mimi nilielewa, na lilikuwa ndilo jibu nililolitaka tangu Machi. Ningesema tu karibu chai, lingepita. Nilihesabu vitasa vya kabati, vitatu, nikasema, "Wifi, mchukue."

Uso wa mtoto ukasawijika. "Umenikataa?"

"Sijakukataa. Sikiliza. Lile neno nililosema siku ya gauni lilikuwa uongo mkubwa kuliko ule wa paka. Ningejua, ningekuchukua mapema zaidi. Lakini hukuja hapa kunizoea mimi." Nikamweleza shangazi habari yote, ya yowe, ya ndoo, ya simu kwenye blanketi na sahani ya wali. Sikujipunguzia. Alisikiliza ameinamisha macho, na niliona vibaya kuliko kama angenitukana.

Nikamwambia mtoto, "Muuza dawa alisemaje? Wakishtuka tunafanyaje?"

Akajibu kwa shida, "Tunarudi nyuma hatua moja."

"Basi ni mimi ninayerudi nyuma. Muhula mmoja. Nikishapunguza sauti, tutakuuliza tena."

Alilia, na nikamwacha alie bila kumwambia nyamaza. Shangazi akanikumbatia kama siku ya mazishi. Safari hii sikujivuta.

Jumapili, 18 Mei

Wameondoka asubuhi, na Zipu ndani ya boksi lenye matundu. Kabla ya hapo Kasuku alimhoji shangazi yake kelele za nyumba yake, ili amwandae Zipu. Shangazi akafikiri sana. "Saa ya ukutani," akasema. Kasuku akaandika, lakini niliona amesikitika kwamba kazi ni ndogo.

Uzi amebaki na mimi. Hakuna aliyemtaka, na bado yuko tatu. Ameniachia daftari, ile simu ya zamani na maelekezo: sauti ndogo, wakati wa kula, nisimkimbilie.

Jumatano, 21 Mei

Nyumba imenyamaza mpaka naisikia friji. Nimemwambia Uzi habari za asubuhi kwa sauti ndogo. Tatu.

Jumatatu, 26 Mei

Bado tatu. Nimekula chakula changu sakafuni karibu na kabati. Ile rekodi nimeisikiliza yote, peke yangu, bila blanketi. Nilidhani naijua.

Jumamosi, 31 Mei

Jua la siku mbili mfululizo. Mablanketi yako kambani, yamekauka.

Asubuhi umeingia ujumbe wa Kasuku kupitia simu ya shangazi yake. Ameandika: "Mama Mkubwa, nitumie kelele za nyumba, nisije nikazisahau halafu nikirudi nikashtuka." Nimekaa nimelitazama hilo neno "nikirudi" kwa muda.

Nimemrekodia mfuniko wa sufuria. Nimemrekodia cherehani, kwanza taratibu kisha kasi. Mlango wa nyuma unaokwama. Msumeno wa seremala, ambaye ameongeza kikohozi bila kuombwa. Nimetuma vyote, nikaona nimemaliza. Jibu likaja la maneno mawili: "Na yako?"

Ya kwanza ilitoka kama ninamwita mtu ng'ambo ya barabara. Nimefuta. Ya pili nimelia katikati. Ya tatu nilisahau nina pini mdomoni. Ya nne nimekaa chini kando ya kabati, nimeweka sahani ya Uzi, nimesema, "Chakula kiko tayari, mwanangu. Njoo ule." Nimetuma kabla sijaisikiliza.

Uzi alitoka, akaniona, akakimbilia chini ya cherehani. Lakini hakurudi kabatini.

Jibu limechelewa mpaka mchana. Nilishona kola mbili zote kichwa chini miguu juu. Kisha simu ikalia, ikawa sauti yake mwenyewe: "Moja, Mama Mkubwa. Masikio tu." Halafu akaendelea, Zipu amevunja saa ya ukutani, shangazi hata hakupandisha sauti, jirani ana bata, dakika nne nzima bila kupumua.

Nimelichukua daftari lake, nimeandika tarehe ya leo. Chini ya Uzi nimeandika mbili. Pembeni nimechora safu ya nne kwa chaki ya kukatia vitambaa, maana kalamu sikuiona, nikaandika juu yake Kasuku, na chini yake moja.